Salamu za Hajji Ramadhan

Juzi binti mmoja anayejifunza kazi yetu alikuja kunitembelea hapa Ntinda ninapoishi na mwanangu. Akafungua mkoba wake, na kutoka katikati ya kitana na chaja ya simu akatoa mashine ya ultrasaundi. Nilimwomba aniwekee mkononi niuone uzito wake. Nikacheka mpaka akadhani nimeingiwa na uzee ghafla. Nilikuwa naikumbuka mashine yetu ya Mengo, kubwa kama friji, yenye gurudumu moja lililokuwa likielekea lilikotaka lenyewe. Kuihamisha kutoka chumba hadi chumba ilikuwa kama kumpeleka ng'ombe sokoni.

Basi nawaandikia ninyi, binti huyo na wenzake, mnaozunguka kwenye vituo vidogo vya afya mkitafuta mishipa iliyoanza kuziba kabla haijamwangusha mtu. Mambo ya vitabuni mnayajua kunishinda. Mimi nina yale ambayo mkono hujifunza wenyewe, na nina habari za Hajji Ramadhan na mkewe, ambazo sijachoka kuzisimulia.

Mimi ni Mtaita. Nilisomea uuguzi Kenya, kisha nikamfuata mume wangu Kampala, alikokuwa akifanya kazi ya kusafirisha mizigo. Tulipanga Nsambya, karibu na nyumba za reli. Kliniki moja ndogo juu ya kilima cha Mengo ilinichukua kwa sababu wagonjwa wake wengi walikuwa madereva, Wakongo, Wakenya na Wanubi, na alitakiwa mtu wa kuongea nao Kiswahili vizuri. Luganda changu, mpaka leo, watu hukiomba wakitaka kucheka.

Mashine yetu ilikuwa ya kuangalia mimba. Mlangoni palikuwa na picha ya mtoto mchanga anayetabasamu. Kisha Daktari Nalwoga, mama mfupi mwenye mwendo wa haraka aliyekuwa akiiongoza kliniki, akarudi kutoka mafunzoni na jambo jipya kichwani. Alisema mashine ileile inaweza kuona mishipa ya ateri ya shingo, ya tumbo na ya miguu. Watu wenye presha, wenye sukari na wavutaji wa sigara tuwaangalie hapahapa kilimani, tusingoje kuletewa mtu aliyepooza upande mmoja. Kiswahili chake daktari alikirithi kwa baba yake aliyekuwa polisi, kwa hiyo kila alichosema kilikuwa amri, hata alipokuwa akikukaribisha chai.

Tulijifunza kwenye shingo zetu wenyewe. Askari wa getini, mpishi, mwenye duka la dawa, wote walilala kitandani kwangu. Siku ya kwanza nilimkandamiza askari mpaka macho yakamtoka.

"Sista, hapana bonyeza," daktari akaniambia. "Shingo si kengele."

Akanishika mkono. Gusa kidogo, akasema, uone: mshipa unaolala bapa ni vena, na unaobaki umesimama ukipiga ni ateri. Baada ya hapo sikukosea tena. Mengine yalikuja polepole. Chupa ya jeli iweke kwenye beseni la maji ya moto dakika chache, maana jeli baridi humfanya mtu apandishe mabega, na mtu aliyepandisha mabega hana shingo. Kidole chako kidogo kiegemee mwilini mwa mgonjwa ili mkono usitetemeke. Anza kwa kuukata mshipa kwa upana, kisha ndipo uutazame kwa urefu. Ufuate mpaka unapogawanyika, kwa sababu hapo ndipo mafuta hupenda kuganda, yakajenga ukoko ukutani mwa mshipa, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Na ukiuona ukoko, usiuamini mara moja. Geuza mkono, utazame kwa upande mwingine. Mashine nayo hudanganya.

Jambo ambalo daktari alilikazia kuliko yote lilikuwa hili: usigune. Mgonjwa amelala gizani, hana cha kutazama isipokuwa uso wako. Mimi niliwahi kusema "mh" kwa sababu gurudumu lile lilikuwa limenikanyaga kidole cha mguu. Mama mwalimu aliyelala kitandani akanishika mkono, akaniambia mdogo wake ndiye apewe lile shamba la Mityana. Ilibidi nivue kiatu nimwonyeshe kidole.

Tumbo lilikuwa na vituko vyake. Mtu huambiwa aje bila kula, maana hewa ya tumboni hufunika mshipa mkubwa kama ukungu. Dereva mmoja wa bodaboda aliapa kwamba hajatia kitu kinywani tangu jana. Nikasaka mshipa wake mpaka bega likaniuma. Mwishowe akakiri kwamba alipitia roleksi pale kona, chapati na mayai, "lakini moja tu, Sista." Na akina mama wakija na gomesi, lile vazi refu la Kiganda, wapeni muda. Ule mshipi wa kiunoni haufunguliwi kwa haraka, na mwenye gomesi hapendi kuharakishwa.

Sasa nimfikie Hajji.

Hajji Ramadhan alikuwa Mnubi, dereva wa malori zamani, ambaye siku zile alikuwa na duka la taa, betri na kufuli karibu na soko la Mengo. Mrefu, kanzu yake daima safi. Mkewe, Hajjati Mariam, alikuwa mgonjwa wetu wa presha, na kila alipokuja kliniki mumewe alimsindikiza. Kutoka dirishani kwangu niliweza kuiona njia nzima ya kupandia kilimani. Hajjati alikuwa akitangulia. Hajji alikuwa nyuma kabisa, akisalimia watu.

Alisimama kwa fundi cherehani, akamuuliza habari za mtoto aliyekuwa na surua. Alisimama kwa akina mama wauza matunda. Alisimama kwenye stendi ya bodaboda na kuwaombea vijana safari njema. Kilima kizima kilimpenda. Ukimtaja tu, mtu angekwambia kwamba adabu ya namna hiyo haipo tena duniani. Hajjati alikuwa akifika peke yake, akiketi kwenye benchi letu na kutazama ukuta mpaka mumewe afike, uso wake umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Nilidhani ni presha.

Siku moja kwenye chai nilisimulia hayo kama kichekesho, jinsi Hajji anavyotumia asubuhi nzima kupanda kilima kidogo. Wote walicheka isipokuwa Daktari Nalwoga. Aliweka kikombe chini.

"Anasimama pale pale kila siku?" akaniuliza.

Nikasema naona ni palepale.

"Na akishuka?"

Akishuka husimama kidogo tu, nikamjibu, na nilipokuwa nikijibu nikaanza kuelewa kwa nini anauliza.

Walipokuja tena nilimtazama kwa jicho jingine. Alipofika kwa fundi cherehani, kabla hata ya kutoa salamu, mkono wake wa kulia ulishuka ukasugua nyama ya mguu juu ya kanzu. Alisalimia, akacheka, akauliza habari, kisha akaondoka akitembea vizuri kabisa kama kijana. Kufika kwa wauza matunda, mkono ukashuka tena. Mguu ndio uliokuwa ukichagua watu wa kusalimiwa.

Nikatoka nje, nikamwambia najifunza kupima miguu na ningefurahi akinisaidia na yake. Akautazama mlango wenye picha ya mtoto.

"Humo wanaingia akina mama wajawazito," akasema. "Mkinikuta na mtoto mniambie mapema nimtafutie jina."

Aliingia kwa sababu foleni ya mkewe ilikuwa ndefu. Nilipofunga mlango nikamuuliza waziwazi kama mguu humuuma akitembea na kuacha akisimama. Akatengeneza kofia yake ambayo haikuwa na kasoro.

"Sista," akasema, "kaka yangu wa Bombo alianza hivihivi. Akaenda akawaeleza, wakamkata mguu. Nikaona mimi nisiposema, hawatakata."

Kwa hiyo lile tabasamu lote la kilimani lilikuwa na hofu chini yake. Sikumwambia asiogope. Nilimpa shuka ajifunike, nikamfunga mkanda wa presha mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu, huku nikisikiliza kwa kile kifaa kidogo kinachotoa sauti ya damu. Ninyi mnajua kwamba presha ya kifundoni haitakiwi kushuka chini ya ile ya mkononi. Yake ya mguu wa kulia ilikuwa imeshuka vibaya. Na sauti iliniambia kabla ya namba. Damu inayopita vizuri hutwanga, ina kishindo chake. Ya Hajji ilikuwa kama mtu anayefagia ua kwa uvivu. Nikaifuata kwa mashine juu ya goti, mpaka nikapakuta mahali mshipa ulipobanwa na ukoko na rangi za kiooni zikavurugika. Shingoni pia mlikuwa na ukoko kidogo upande wa kushoto, haujabana kitu. Sikuguna. Nilimwita daktari.

Daktari Nalwoga aliketi kwenye kigoda karibu naye, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi. Alimwambia mguu haufi, una joto, hauna kidonda, na hakuna anayefikiria kuukata. Akamweleza kwamba mishipa yote ni ndugu, na ukoko uliopo mguuni unatuonya juu ya moyo na ubongo. Kwa hiyo atakunywa dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu na nyingine ya kuzuia damu isigande, ataacha sigara kabisa, na atakwenda hospitali kubwa akaonwe na bingwa wa mishipa. Na kila siku atatembea.

"Nitembee, na kutembea ndiko kunakoniuma?" Hajji akauliza.

"Ndiyo. Ikiuma, simama. Ikipoa, enda. Ikiuma tena, simama. Kila siku hivyo."

Aliniangalia mimi kama anayetaka tafsiri, ingawa alikuwa ameelewa vizuri sana. Kisha akaomba jambo moja: mkewe, Mama Rehema, asijue. Alitaka kwanza kuona kama mguu utapona. Daktari akasema mwili ni wake na maneno ni yake. Nami nikaahidi.

Bingwa alikubaliana na daktari kwamba hapakuwa na haja ya kisu. Hajji akaanza kutembea kila baada ya sala ya alasiri, akiuzunguka ukuta wa Lubiri, ikulu ya Kabaka, kwa upande ulio mbali na duka lake ili asikutane na watu wake. Sigara aliiacha kwa kutafuna buni za kahawa. Aliniambia miguu inauma, kahawa inamkosesha usingizi, na mimi na daktari wangu tutamuua tukiwa tunamponya. Lakini alikuwa akienda.

Haukupita muda mrefu Hajjati Mariam akaja kliniki siku ambayo si yake. Aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, na hakutaka kukaa.

"Sista, wewe ni mke wa mtu, utanielewa," akasema. "Baba Rehema anatoka kila alasiri. Anarudi na jasho, anakwenda moja kwa moja kuoga. Na sigara ameacha. Mimi nilimwomba aache sigara tangu Rehema hajaota meno, akakataa. Sasa nani amemwachisha?"

Vijana wangu, jibu lilikuwa mdomoni. Lingemtuliza mara moja. Nikalimeza. Siri ya mgonjwa ni siri hata inapomsumbua mtu unayempenda, na ni rahisi kuijua sheria hiyo kuliko kusimama mbele ya mama anayekaribia kulia na kuishika. Nikamwambia tu, muulize mwenyewe, Hajjati, na umuulize leo.

Akanitazama vizuri.

"Kumbe unamjua huyo mwanamke," akasema, na akatoka.

Nilimpigia Hajji simu kabla Hajjati hajafika chini ya kilima. Nikamweleza kwamba kuna hatari kubwa nyumbani kwake kuliko ile ya mguuni. Nikamsikia anacheka, kisha akaacha kucheka.

Kesho yake walikuja pamoja. Hajji alisema ameshindwa kuanza, kila akifungua mdomo mkewe anaondoka chumbani. Akaniomba nimwonyeshe. Nilimuuliza mbele ya mkewe kama ana hakika, akasema anayo. Akapanda kitandani na kujifunika shuka, Hajjati akaketi kwenye kigoda, mkoba wake magotini. Nikazima taa, nikawasha rangi za kiooni.

Nikamwonyesha damu inavyoshuka pajani, nyekundu na tulivu. Nikamwonyesha panapobana, inavyohangaika kupenya. Nikamwambia mguu unapotembea hudai damu nyingi na mlango huu hauipitishi, ndipo uchungu huja. Akisimama kidogo, uchungu huondoka. Na zile safari za alasiri ni dawa aliyopewa na daktari.

Hajjati alikitazama kioo muda mrefu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla hatujaenda Hija," Hajji akasema.

"Kwa hiyo pale kwa fundi cherehani."

"Ndiyo."

"Na kwa wauza matunda. Na siku ile tunatoka harusini, ukasimama na yule mzee hata jina lake hulijui."

"Ndiyo, Mama Rehema."

Hajjati akautoa mkoba magotini, akauweka sakafuni.

"Mimi nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani hutaki kufika nyumbani."

Mashine ilikuwa bado inafagia, fyu, fyu, fyu, maana nilisahau kuizima sauti. Hajji akatoa mkono chini ya shuka na kumtafuta mkewe gizani.

"Nilikuwa nataka kufika," akasema. "Mguu ndio uliokuwa unakataa."

Nikachukua kitambaa nikafuta chupa ya jeli, ingawa ilikuwa safi.

Tangu siku hiyo walitembea wawili kuuzunguka ukuta. Mguu ukiuma, Hajjati ndiye aliyesema simama, na ukipoa, ndiye aliyesema twende. Kwa jinsi alivyokuwa na hasira za miaka mingi za kutembea mbele peke yake, nadhani alimtembeza zaidi kidogo kuliko daktari alivyoagiza. Msije mkamwahidi mtu kwamba ukoko utayeyuka. Wa Hajji haukuyeyuka. Lakini mguu unaotembezwa hujitafutia vijia vya pembeni vya kupitisha damu, na kila tulipompima sauti ya kifundoni ilizidi kupata kishindo. Ikafika siku akapanda kilima chetu bila kusimama hata mara moja, akafika kwenye benchi sambamba na mkewe.

Kilima hakikufurahi. Fundi cherehani alipokuja kupimwa presha alinilalamikia kwamba Hajji siku hizi anaringa, anapita kama waziri. Wauza matunda walisema ni kwa sababu duka limeanza kuingiza taa za sola. Ilibidi Hajji awe anatoka nyumbani mapema ili asimame kwa kila mmoja wao kwa hiari yake. Aliniambia kusalimia watu bila maumivu ni kazi ngumu, hujui pa kuishia.

Baada ya hapo watu wakaanza kumiminika, kila mtu anataka mishipa yake iangaliwe, hata vijana wa shule. Daktari Nalwoga aliwarudisha wengi. Alisema tunamwangalia mtu mwenye sababu: umri, presha, sukari, sigara, mguu unaolalamika. Na hatumwangalii mtu kama hatuna la kumfanyia baada ya kuona. Picha ikimalizikia kwenye faili umemtia mtu hofu bure. Mkumbuke hilo ninyi mnaotembea na mashine mikobani, maana itawashawishi kuitoa kila mahali, hata harusini.

Hajjati mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, alikataa kupimwa. Ana presha, ni mtu mzima, daktari alimwambia, nami nilimwambia, naye akajibu kila mara kwamba atakuja. Alasiri moja ya mvua akaja. Alivua viatu, akalegeza mtandio, akapanda kitandani kwangu. Jeli ilikuwa ya moto, taa zimezimwa, mvua inapiga bati. Nilianza shingo ya kushoto. Nikaufuata mshipa polepole mpaka unapogawanyika, nikageuza mkono, nikatazama kwa upande mwingine. Nilipotaka kumwambia ageuze kichwa nitazame wa kulia, nikasikia anakoroma.

Nilizunguka kitanda na kumaliza kazi bila kumgusa zaidi ya ilivyolazimu. Kisha nikamwita daktari. Alisimama mlangoni, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimsikia akinong'ona.

"Hapana amsha," akasema.

Tukamfunika shuka. Mashine tukaiacha hapohapo, maana lile gurudumu lingemwamsha. Wajawazito waliokuwa foleni wakaambiwa wangoje kidogo, na hakuna aliyenung'unika. Nilipotoka nje nilimkuta Hajji kwenye benchi, mwavuli unadondosha maji miguuni pake, akinyanyuka kwa wasiwasi aliponiona.

"Sista, amekutwa na nini?"

"Usingizi tu," nikamwambia.

Akaketi tena, akaegemeza mwavuli ukutani, akamngoja.